Bia ipi ni namba moja? Jibu kwa mwenye grosari wa Chumbageni

Swali: "Shikamoo mzee. Nina grosari ndogo hapa Chumbageni, Tanga, huu ni mwaka wa pili. Ofisa mauzo wa kampuni moja ananiambia bia yake ndiyo namba moja mkoani, nimjazie friji yote. Wa kampuni ya pili naye anasema hivyo hivyo. Nikaingia kwenye simu kutafuta bia zinazouzwa zaidi duniani. Orodha ya kwanza ikanipa bia ya Kichina ambayo sijawahi hata kuiona, ya pili ikanipa ya Meksiko, ya tatu bia ya watawa wa Ubelgiji. Mdogo wangu aliyeko Dar anasema siku hizi watu wanataka bia za krafti, zile za viwanda vidogo, na mimi niweke. Niamini orodha ipi, na friji yangu niijaze nini?"

Marahaba, mwanangu. Orodha zote tatu ulizoziona zinasema kweli, na hao maofisa wawili huenda nao wanasema kweli, kila mmoja kwa hesabu yake. Mmoja amehesabu lita, mwingine fedha, wa tatu amehesabu alama walizotoa wanywaji. Mimi nimefanya kazi ya kusambaza vinywaji ukanda huu wa kaskazini kwa miaka mingi, na jambo moja naliamini kabisa: orodha ya mauzo, kabla haijapima kupendwa, inapima kufika. Bia iliyofika kaunta ikiwa ya baridi na kwa bei inayolipika ndiyo inayonywewa, na iliyonywewa ndiyo inayoandikwa. Nitakupitisha kwenye orodha zako moja moja, halafu turudi kwenye friji, maana hapo ndipo fedha yako ilipo.

Bia ya Kichina uliyoiona inaitwa Snow. Kwa lita, ndiyo inayoongoza duniani. Kampuni inayoitengeneza huuza zaidi ya lita bilioni 10 za bia zake kwa mwaka, na karibu zote zinanywewa ndani ya China. Ndiyo maana hujaiona. Historia yake inatugusa kuliko unavyodhani. Mwaka 1994 kampuni ya China Resources ilishirikiana na South African Breweries, wale wale ambao mwaka mmoja nyuma, 1993, walikuwa wameingia kwa ubia kwenye Tanzania Breweries yetu, TBL, serikali ilipoibinafsisha. Kule China walinunua viwanda vya miji, kimoja baada ya kingine, na bia hii nyepesi ya bei ndogo ikaenea jimbo hadi jimbo. Snow haikushinda shindano la ladha. Ilikuwa na kiwanda karibu na mnywaji katika nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja, na bei yake haikumfukuza mtu.

Mwaka 2016 AB InBev ya Ubelgiji iliinunua SABMiller, kampuni iliyokuwa imekua kutokana na hao Wasauzi. Ili wakubaliwe huko China, ilibidi asilimia 49 waliyokuwa nayo kwenye Snow iuzwe kwa China Resources, kwa dola bilioni 1.6. TBL ikabaki ndani ya mzigo ulionunuliwa, ikawa mali ya AB InBev. Hebu tazama: mnywaji wa Safari pale Ngamiani hakubadili chochote wiki ile, hata kifuniko cha chupa kilikuwa kile kile, lakini orodha ya makampuni makubwa ya bia duniani ilikuwa imepinduka. Ukiona orodha imepanga makampuni, jua hiyo ni habari ya nani kamnunua nani. Kwa mwenye grosari haina kazi.

Orodha ya pili, iliyokupa bia ya Meksiko, kwa vyovyote ilikuwa ya soko la Marekani, na ilihesabu dola. Kule Bud Light ilikaa kileleni tangu 2001, ilipoipita ndugu yake Budweiser. Aprili 2023 wateja wengi waliisusia kwa hasira ya tangazo moja la mtandaoni, na kufikia Juni mwaka huo Modelo Especial ikawa imeipita kwa fedha zinazoingia madukani. Magazeti yakatangaza kwamba nchi ina bia mpya namba moja. Lakini Modelo ni ghali kuliko Bud Light, na kwa hesabu ya lita Bud Light iliendelea kuwa mbele kwa muda. Kwa hiyo miezi ile nchi moja ilikuwa na bia mbili za namba moja kwa wakati mmoja, na kila gazeti likachagua ya kwake.

Kuna na hili. AB InBev, wenye Bud Light, ndio walioinunua kampuni ya Modelo mwaka 2013. Serikali ya Marekani ikaona sehemu ya soko watakayoshika ni kubwa mno, ikawalazimisha waachie haki za kuuza Modelo na Corona ndani ya Marekani, zikaenda kwa Constellation Brands. Nje ya Marekani bia hiyo hiyo ni ya AB InBev. Kwa hiyo mtu akikuuliza faida ya Modelo inaingia mfuko gani, inabidi kwanza umuulize chupa imenunuliwa nchi gani.

Sasa watawa. Hii ndiyo orodha ninayoipenda kuisoma, na ndiyo nisiyokushauri uiguse ukiwa na fedha ya mtaji mkononi. Bia inaitwa Westvleteren 12, inapikwa na watawa wa abasia ya Saint Sixtus, Ubelgiji. Ina kilevi cha asilimia 10.2, yaani zaidi ya mara mbili ya Kilimanjaro yetu yenye 4.5. Kwa miaka mingi chupa yake haikuwa na lebo, mnywaji aliijua kwa rangi ya kifuniko. Kuanzia mwaka 2005 ilianza kutajwa kama bia bora duniani kwenye tovuti ya RateBeer, ambako wanywaji walikuwa wakitoa alama. Watu wakafurika getini. Watu wa pwani tunajua kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Watawa wale walisifiwa na dunia nzima, na hawakuongeza maji wala mitungi: waliendelea kupika kiasi kile kile kinachotosha kuendesha abasia yao. Kwa orodha ya mauzo hawaonekani kabisa. Kwa orodha ya alama walikaa juu miaka na miaka.

Kwa nini orodha ya alama iende mbali hivyo na orodha ya mauzo? Kwanza, angalia anayepiga kura. Mtu aliyeweka nafasi mapema, akasafiri, akapanga foleni, akabeba chupa mpaka nyumbani, siku anapokaa kuipa alama moyo wake umeshaamua. Mnywaji wa kawaida anayekunywa mbili baada ya kazi haingii mtandaoni kuipa alama bia yake. Pili, aina za bia zenyewe. Zinazopewa alama za juu mara nyingi ni nyeusi nzito zenye kilevi kikubwa, au zile chungu zilizojaa hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, na harufu ya matunda. Laga nyepesi, yaani bia ya kawaida ya rangi ya dhahabu, ambayo ndiyo inayouzwa zaidi karibu dunia nzima, hukaa mkiani. Tatu, hesabu yenyewe. Bia iliyopewa tano kwa tano na watu watatu haiwezi kuachwa iipite bia iliyopewa nne na nusu na watu elfu tatu, kwa hiyo tovuti hizi huivuta bia yenye wapigakura wachache kuelekea wastani wa bia zote. Ni njia ya haki, lakini ina maana kwamba namba unayoisoma si wastani wa kura alizopigiwa, imeshapikwa tena.

Na mwenye orodha ni nani? RateBeer ilianzishwa mwaka 2000 na watu waliokuwa wakipenda bia, ikaishia mikononi mwa tawi la AB InBev, mpika bia mkubwa kuliko wote, kabla ya kufungwa mwaka 2025. Sidai kwamba kuna alama iliyochezewa. Nasema ukikutana na orodha yoyote, uliza ni ya nani kabla hujauliza nani wa kwanza.

Tuje nyumbani. Kwetu makampuni makubwa ni mawili: TBL, yenye Safari, Kilimanjaro, Ndovu, Balimi, Castle Lager na Castle Lite, na Serengeti Breweries, SBL, yenye Serengeti Premium na Serengeti Lite, na ambayo kampuni mama yake EABL ya Kenya ina Tusker na huuza Guinness. TBL ipo kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu 1998, kwa hiyo hesabu zake za mwaka hutangazwa. EABL nayo ipo kwenye soko la hisa la Nairobi. Lakini hesabu hizo ni za kampuni nzima: mapato, faida, kodi. Hakuna mahali utakaposoma kwamba mkoa wa Tanga ulikunywa Safari kiasi hiki na Serengeti Lite kiasi kile. Namba aliyonayo ofisa wako ni ya ndani ya kampuni yake, na hiyo inabidi uielewe vizuri, kwa sababu kwa namba hiyo anataka ufunge mtaji wako.

Namba hiyo mara nyingi ni mzigo uliotoka ghalani kwenda kwa wakala. Haijafika kaunta. Mwisho wa mwezi ofisa ana lengo la kutimiza, wakala anajaziwa, na kreti zilizolala kwenye stoo ya wakala kule barabara za Ngamiani zinahesabiwa kuwa zimeuzwa. Angalia na mwezi wa sita. Bajeti inasomwa Juni, viwango vipya vya ushuru wa bidhaa vinaanza tarehe 1 Julai, na kila mwenye fedha ananunua mzigo mapema akihofia bei kupanda. Ofisa akikuletea namba za Juni, bia yake itaonekana inapaa. Muombe na za Julai.

Kwa Tanga kuna kipimo kingine ambacho watu wa makao makuu husahau, nacho ni Ramadhani. Mji wetu ukiingia mfungo, baa zinapungua sauti na mauzo yanashuka, halafu Idd inayarudisha kwa kishindo. Mwezi huo unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kalenda. Mwaka 2023 mfungo ulianza mwishoni mwa Machi. Mwaka 2025 ulianza mwanzoni mwa Machi. Ukilinganisha Machi ya 2023 na Machi ya 2025, utadhani bia imekataliwa na wateja, kumbe umelinganisha mwezi wenye wiki tatu za kawaida na mwezi ambao karibu wote ni mfungo. Mwenzako wa Bagamoyo atakuwa na hesabu hiyo hiyo, ila yeye anaongeza wageni wa Jumamosi na Jumapili kutoka Dar, ambao hunywa tofauti na wenyeji. Linganisha Ramadhani na Ramadhani, mwezi wa Idd na mwezi wa Idd.

Halafu hilo neno "mkoani". Mkoa wetu unaanzia fukwe za Pangani na Mkinga hadi milima ya Lushoto, unashika Korogwe na Segera kwenye barabara kuu ya Dar na Arusha, unaingia Handeni hadi Kilindi. Lori linalotoka Moshi, ambako SBL wana kiwanda, au Arusha, ambako TBL wana chao, linapita Korogwe kabla halijakata kuja huku mjini. Baa za barabarani zinazouzia madereva na abiria zinameza mzigo mkubwa. Lushoto jioni kuna baridi, mtu anaagiza ya moto na haoni ajabu. Chumbageni mwezi wa Februari ukimpa mteja chupa isiyotoa jasho anakurudishia. Bia inaweza kuwa namba moja ya mkoa kwa sababu ya Korogwe na Handeni, na mtaani kwako ikawa ya nne. Kwa nchi nzima ni hivyo hivyo. Balimi ni bia ya Kanda ya Ziwa. Ukiisoma kwenye orodha ya taifa hutaona kwamba nguvu yake yote iko upande mmoja wa ramani.

Na wakati mwingine bia huondoka kwenye orodha bila mnywaji kuulizwa. Watu wa rika langu wanaikumbuka Kibo Gold, iliyokuwa ikitoka Kibo Breweries pale Moshi, kiwanda cha Wakenya kilichokuja kushindana na TBL. Mwaka 2002 wakubwa wakakubaliana: Wasauzi wakafunga kiwanda chao cha Castle kule Thika, Wakenya wakakiachia kile cha Moshi, EABL ikapewa asilimia 20 ya TBL, na kila upande ukatengeneza bia za mwenzake kwa leseni kwenye nchi yake. Makubaliano hayo yalikuja kuvunjika. Mwaka 2010 EABL ikanunua asilimia 51 ya Serengeti Breweries, na mwaka uliofuata ikauza hisa zake za TBL. Mtu aliyesoma mauzo ya 2003 na kusema Watanzania wameikataa bia ya Kibo alikuwa anasoma mkataba wa ofisini akidhani ni ladha ya watu.

Kodi nayo hupanga orodha. Nchini kwetu bia ya nafaka ya ndani isiyooteshwa kuwa kimea inatozwa ushuru mdogo kuliko ile ya kimea, kwa hiyo inaweza kuuzwa bei ya chini na kupanda haraka. Kenya waliona upande wa pili wake. Bia ya Senator ilianza 2004 kwa msamaha wa ushuru, ikawa kinywaji cha mtu wa kipato cha chini hadi vijijini. Mwaka 2013 serikali ikaiwekea ushuru wa asilimia 50 ya ule wa bia nyingine, mauzo yakaanguka vibaya. Mwaka 2015 ushuru ukapunguzwa, ikainuka. Kinywaji ni kile kile, mnywaji ni yule yule.

Sasa nijibu hilo la mdogo wako, bia za krafti, yaani bia za viwanda vidogo vinavyopika kiasi kidogo kwa mapishi yao wenyewe. Ana haki kusema zinapendwa. Dar zipo, Nairobi zipo, Afrika Kusini zilianza zamani, mwaka 1983, pale Knysna. Ila orodha za krafti zinahitaji jicho kali kuliko zote, kwa sababu mpaka wa nani aingie na nani atoke umechorwa na watu na umefutwa na kuchorwa upya.

Orodha inayonukuliwa zaidi ni ya chama cha wapikaji cha Marekani, Brewers Association, ambacho kila mwaka hutoa wapikaji 50 wakubwa wa krafti kwa wingi wa bia. Kwa sheria yao, mpikaji mdogo ni yule asiyezidi mapipa milioni 6 kwa mwaka, pipa moja likiwa kama lita 117. Zamani kikomo kilikuwa mapipa milioni 2. Mwishoni mwa 2010 kikapandishwa, wakati kampuni ya Boston Beer, wenye Samuel Adams, ilikuwa inakaribia kukivuka. Walikuwa nguzo ya chama na hawakutaka kuwapoteza. Mwaka 2014 sheria ikalegezwa tena, ikaruhusu waliokuwa wanatumia mahindi pamoja na shayiri, na Yuengling wa Pennsylvania, kiwanda cha tangu 1829, kikaingia moja kwa moja hadi nafasi ya kwanza. Hakikuwa kimeongeza pipa hata moja kwa ajili hiyo. Kinatoa zaidi ya mapipa milioni 2 kwa mwaka, yaani zaidi ya lita milioni 230. Huo ndio "udogo" wa Marekani. Upande wa kutoka nako kuna mifano: Goose Island ya Chicago ilinunuliwa na wenye Budweiser mwaka 2011, ikaacha kuhesabiwa kuwa krafti, kwa kuwa sheria hairuhusu kampuni kubwa ya pombe kumiliki robo au zaidi. Mteja aliyekuwa anaipenda aliendelea kuinywa.

Lakini kuna hesabu moja ya krafti ya Marekani ninayotaka uishike, kwa sababu inafundisha biashara: bia hizo ni kama asilimia 13 ya lita zote zinazouzwa, na karibu robo ya fedha yote. Lita chache, fedha nyingi. Hapo ndipo mdogo wako anapoona mwanga, na hapo ndipo lazima tuulize kama hesabu hiyo inasafiri mpaka Chumbageni.

Kikwazo cha kwanza ni joto. Bia za viwanda vikubwa nyingi hupashwa moto kiwandani kuua vijidudu, na zimetengenezwa zivumilie lori na stoo. Za krafti nyingi hazipashwi, na zile zenye hopsi nyingi harufu yake ndiyo ya kwanza kukimbia. Wapikaji wana kanuni yao ya kukadiria: madhara ambayo bia huyapata kwa siku 3 kwenye joto la nyuzi 32 ni sawa na ya siku 30 kwenye nyuzi 22, na sawa na ya siku 300 kwenye nyuzi 3. Wewe unajua kaskazi ya Tanga. Chupa iliyotoka Dar kwenye buti la basi, ikashinda stendi ya Kange ikisubiri mtu wa kuichukua, ikaingia kwenye friji inayokatiwa umeme, imeshaishi maisha yake yote kabla ya kufunguliwa. Mteja atalipa bei kubwa, atakunywa bia iliyochakaa, na lawama itakuwa ya kwako.

Cha pili ni mzunguko wa mtaji, na hapa nitaweka namba za mfano tu ili uone njia ya hesabu. Tuseme una bia ya kawaida unayoinunua kwa shilingi 1,700, unapata faida ya 300 kwa chupa, na unauza chupa 40 kwa siku ukiwa na akiba ya chupa 100. Mtaji uliolala ni 170,000, faida ya wiki ni 84,000. Tuseme na bia ya krafti unainunua kwa 6,000, faida 2,000 kwa chupa, unaweka chupa 12 na unauza 2 kwa wiki. Mtaji uliolala ni 72,000, faida ya wiki ni 4,000. Ukigawanya, kila shilingi uliyoiweka kwenye bia ya kawaida imekuletea karibu mara tisa ya ile uliyoiweka kwenye krafti, ingawa kwa chupa moja krafti ndiyo yenye faida nono. Na hizo 12 zitachukua wiki sita kuisha, ndani ya joto lile lile. Weka namba zako halisi, jibu litabadilika kidogo au sana, lakini fanya hesabu kabla hujaagiza.

Ukiwa Raskazone karibu na wageni, au ufukweni Ushongo ambako mtu amekuja kupumzika na analipia alichokizoea kwao, hesabu inaweza kugeuka. Huko krafti ina mahali.

Niseme na la tembo la mnazi, ambalo hakuna orodha inayolitaja. Shirika la Afya Duniani linapopima unywaji wa nchi hutenganisha pombe iliyoandikwa na isiyoandikwa, na kwetu isiyoandikwa ni nyingi. Wagema wa Tanga hadi Pangani wanapanda asubuhi na jioni, wanachonga karara, wanateremsha kibuyu, na tembo la asubuhi halifanani na la jioni kwa sababu linazidi kuchacha kila saa. Kesho yake limeshaanza kuwa siki. Kule Muheza na milimani kuna boha la miwa. Hao ndio wapikaji wadogo halisi wa mkoa huu, kila mmoja na mkono wake, na wateja wanajua tembo la fulani kwa kulionja tu. Naumia kuona tunatafuta bia ya ufundi kwenye chupa ya shilingi elfu nane huku ufundi wa mgema tunauona ni mambo ya kizamani. Orodha ikikwambia Watanzania wanakunywa hiki na hiki, ujue imehesabu chenye stempu ya kodi tu. Jirani yako wa kilabuni anakupunguzia wateja kila siku ya mshahara ikishapita wiki mbili, na hayumo kwenye ripoti ya mtu.

Basi friji. Orodha unayoihitaji ni yako, na unaweza kuwa nayo ndani ya wiki nane. Chukua daftari la mistari. Kila siku unapofunga, andika jina la kila bia na chupa zilizotoka. Pembeni andika kitu ambacho hakuna kampuni inayokiandika: walioomba wakakosa. Mteja akiuliza Castle Lite ya baridi na wewe una ya moto tu, akanywa kitu kingine au akavuka barabara, iandike. Mauzo yanakuonyesha ulichokuwa nacho. Safu hiyo ya pembeni inakuonyesha ulichotakiwa kuwa nacho. Nimeona grosari ambazo bia iliyoonekana ya tatu kwa mauzo ilikuwa ya kwanza kwa kuombwa, ila ilikuwa inawekwa kreti moja tu kwa sababu rafu zote zilikuwa za kampuni iliyoleta friji. Tenganisha pia siku za wiki. Jumanne ya Chumbageni na Jumamosi yenye mechi ya Simba na Yanga hazina undugu.

Wale wanaokunywa ya moto wahesabu kivyao. Safari, Guinness na wengineo wana watu wao ambao baridi hawaitaki. Hao hawahitaji nafasi ya friji hata kidogo, wanahitaji kreti iliyo kivulini, mbali na jua, kwa kuwa jua likipiga bia huitia harufu mbaya. Ukiwatoa hao kwenye friji, unaweza kushangaa nafasi uliyonayo.

Ofisa mauzo akirudi, mpokee kwa heshima, wengi wao ni vijana wanaohangaika, na muulize namba yake ni ya lita au ya fedha, ni ya mkoa au ya mjini, ni ya kutoka ghalani au ya kutoka kaunta, na ni ya miezi ipi. Kama anakupa friji kwa sharti ujaze bia zake tu, muombe sharti hilo kwa maandishi na usome muda wake. Friji ya bure inayokuzuia kuuza bia inayoombwa na watu wako ina gharama, na daftari lako litakwambia ni shilingi ngapi kwa wiki. Usimpe yeyote friji nzima kabla ya wiki hizo nane kuisha. Zikiisha, gawa nafasi kwa kadiri ya chupa za baridi zinazotoka kwa siku pamoja na zile zilizoombwa zikakosekana, na pitia upya baada ya Idd na tena baada ya bei za Julai.

Za krafti, kama moyo bado unazitaka, zijaribu Desemba, wanaporudi nyumbani watoto wa Tanga walioko Dar na Arusha. Chukua aina mbili, chupa 12 jumla, na kubaliana na muuzaji kwamba zitakazobaki baada ya wiki nne atazichukua. Angalia tarehe ya kutengenezwa kabla ya kulipa, maana ya mwisho wa matumizi inahesabiwa kana kwamba bia imetunzwa vizuri. Zikifika, ziweke rafu ya chini kabisa ya friji, baridi inapokaa hata mlango ukifunguliwa mara nyingi, na kila kifuniko kiandike kwa kalamu ya wino mzito siku ulipoipokea.